MJI HUTAWALIWAJE? MANENO JUU YA MEYA NA BARAZA LAKE

(Maneno haya tuliyasema mbele ya mkutano wa wazee, viongozi wa vijiji na waalimu. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuja.)



Tumeombwa tuseme habari za mji na namna unavyotawaliwa. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa shamba mambo ya meya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza mwaijua wenyewe: machungwa yetu, mahindi yetu na kuku wetu huuzwa katika soko la mji, na anayeweka ushuru wa meza sokoni si serikali ya kijiji. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo watu hawaifikiri mpaka siku iwafikie: mji hautulii mahali pamoja. Mji hutembea. Palipokuwa na mihogo baba zetu walipokuwa hai, leo pana nyumba za matofali na nguzo za umeme, na waliokuwa wanakijiji wamekuwa watu wa mtaa pasipo kuhama hata hatua moja. Jambo hili la pili tutalirudia mwishoni.

Na tuchukue Tanga kuwa mfano wetu, maana wengi wenu mwaujua, wala si mji mkubwa wa kutisha. Tanga ilipandishwa cheo kuwa Jiji mwaka 2005, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wakazi wake hawajafika laki nne. Jiji hilo limegawanywa katika kata 27, na kila kata ina mitaa yake. Wakazi wa mtaa humchagua mwenyekiti wao pamoja na kamati yake, na wakazi wa kata humchagua diwani mmoja. Tena sheria yataka wawemo madiwani wanawake wa viti maalum, wasiopungua theluthi. Mbunge naye ni mjumbe. Hao wote wakiketi pamoja ndio Baraza la Madiwani, na baraza hilo ndilo lenye mji.

Angalieni sana neno hilo: baraza ndilo lenye mji, si meya. Watu wengi hudhani kwamba meya ni kama liwali au chifu wa zamani, mtu wa kukaa kitini na kusema neno likawa. Humwona siku ya sherehe amevaa joho na mkufu mzito shingoni, huitwa Mstahiki Meya, watu wakasimama aingiapo. Lakini meya wa Tanzania hachaguliwi na watu wote wa mji. Huchaguliwa na madiwani miongoni mwao wenyewe, kwa kura ya siri, naye hukaa muda wa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa kwa mwaka mmoja tu, na mwaka ukiisha kura hupigwa tena. Na kama madiwani walivyomweka meya, ndivyo wanavyoweza kumwondoa, ikiwapo sababu iliyotajwa na sheria na ikiwa theluthi mbili zao wamekubali.

Basi kazi ya meya ni nini? Ni mwenyekiti wa baraza. Huongoza mkutano, humpa huyu nafasi ya kusema na kumnyamazisha yule, na huutangaza uamuzi. Pia huongoza kamati ya fedha na uongozi, ambayo ndiyo kamati yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hukutana kila mwezi, hali baraza zima hukutana kila miezi mitatu. Huupokea ugeni, na huusemea mji penye wakubwa. Lakini hawezi kumwandika kazi hata mfagiaji wa barabara, wala kumfukuza. Hawezi kutoa shilingi moja katika sanduku la mji.

Sanduku hilo liko kwa mtu mwingine, naye ni Mkurugenzi. Huyu hakuchaguliwa na mtu yeyote wa mji. Aliteuliwa na Rais. Ndiye mkubwa wa watumishi wote wa halmashauri, waganga na waalimu, wapima ardhi na mabwana afya, naye ndiye anayeulizwa habari za kila hundi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ajapo kukagua vitabu, jambo ambalo hufanyika kila mwaka. Katika baraza huketi kama katibu. Husema akiulizwa, huleta taarifa, lakini hana kura.

Kwa hiyo mji una vichwa viwili: mwenye kura hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana kura. Wako wasemao kwamba mpango huu ni wa kuleta ugomvi, na kweli ugomvi huja. Diwani huwatazama waliompigia kura, na Mkurugenzi huwatazama waliomteua, na hayo macho hayaelekei upande mmoja siku zote. Lakini sisi twaona kwamba ndani yake mna hekima pia. Mtu aliyeomba kura kwa ahadi, akipewa na ufunguo, atakuwa na kishawishi kikubwa cha kulipa ahadi zake kwa fedha za watu wote. Ubaya huja pale kila mmoja aionapo kazi ya mwenziwe kuwa ndogo.

Sasa tufuate jambo moja tangu linapozaliwa mpaka linapofika mwisho, maana hapo ndipo utawala wa mji uonekanapo vizuri. Tuseme akina mama wauza mboga katika kata fulani wanakaa juani, na mvua ikinyesha bidhaa zao huharibika. Wataka soko lao liezekwe paa. Mara nyingi wafanyalo watu ni kwenda kumngojea meya mlangoni. Sisi wenyewe tuliwahi kufanya hivyo zamani katika mji mmoja mdogo, tulipokuwa na shida ya choo cha soko. Tuliketi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tukaonana na meya, akatupokea kwa adabu, akatuahidi. Miaka miwili ikapita bila tofali. Tukadhani ametudanganya. Baadaye karani mmoja, mzee mwenye huruma, akatufungulia kitabu cha makisio, akatuonyesha kwamba choo chetu hakikuandikwa humo hata kwa neno moja. Meya hakudanganya; alitaka kutusaidia, lakini lisiloandikwa katika makisio halina fedha, na sisi tulikwenda kwake mwezi wa nane, makisio ya mwaka ule yalipokwisha kupitishwa.

Maana mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio yake hutengenezwa miezi mingi kabla ya hapo. Shauri la paa lapasa kuanza katika mkutano wa mtaa, likaandikwa katika muhtasari. Kisha huenda katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Hapo ndipo vita vya kwanza vilipo, na watu hawavijui: mtaa mmoja wataka paa, wa pili wataka madarasa, wa tatu wataka zahanati, na kamati lazima ipange lipi litangulie. Likipita, wataalamu wa halmashauri hulipima na kulitia bei. Halafu huingia katika kamati za baraza. Ziko kadhaa, na mojawapo hushughulika na mipango miji na mazingira. Lakini kila lenye gharama halina budi kupita katika kamati ile ya fedha. Mwishoni huja mbele ya baraza zima, na madiwani hupiga kura juu ya kitabu chote. Wala hapo si mwisho, kwa kuwa makisio ya kila halmashauri hupelekwa mkoani na katika wizara inayosimamia serikali za mitaa, kisha Bunge huzipitisha fedha.

Mtaona kwamba katika safari hiyo yote meya ni mtu mmoja mwenye sauti kubwa, lakini ni mmoja. Mwenyekiti wa mtaa aliyeandika muhtasari mzuri mwezi wa Oktoba amelisaidia paa lile kuliko meya aliyelilia mwezi wa Agosti.

Na hata likiisha kuandikwa, kazi haijaisha. Makisio ni makisio. Ushuru usipokusanywa kama ilivyotazamiwa, vilivyoandikwa mwisho hungoja. Ndiyo sababu mkutano wa kila miezi mitatu ni mkubwa. Katika mkutano huo diwani aweza kusimama akamwuliza Mkurugenzi mbele ya watu: fedha za paa ziko wapi, fundi ni nani, kazi imefika wapi? Mikutano ya baraza iko wazi kwa watu wote. Mtu yeyote aweza kuingia akaketi nyuma na kusikiliza, ingawa haruhusiwi kusema. Tulipohudhuria tuliona viti vya nyuma vikiwa vitupu, isipokuwa kiti kimoja alichokalia mwandishi wa gazeti, naye alikuwa akisinzia. Diwani asiyeuliza kitu miaka mitano hupita salama, kwa sababu waliomtuma hawapo kumwona.

Iko pia sheria ndogo, ambayo baraza laweza kuitunga kwa ajili ya taka, mifugo inayozurura, masoko na mengineyo. Haiwi sheria mpaka Waziri aikubali, na kabla ya hapo watu hupewa tangazo ili mwenye neno alete pingamizi lake. Tangazo hubandikwa ukutani. Wasomao ni wachache, halafu siku ya faini kila mtu hupiga kelele. Ninyi waalimu mngefanya jambo jema kama mngelisoma tangazo la namna hiyo mbele ya wasiojua kusoma, maana ninyi hupita hapo kila siku.

Lipo jambo jingine linalowachanganya watu, nalo ni kwamba si kila kilichomo mjini ni cha baraza. Umeme ukikatika, baraza halina mkono humo. Maji ya mjini yana mamlaka yake mbali. Hata barabara za mji, ambazo zamani zilikuwa kazi ya halmashauri, tangu mwaka 2017 zimewekwa chini ya wakala wa Serikali uitwao TARURA. Hivyo meya huweza kutukanwa kwa shimo lililo mbele ya mlango wake mwenyewe, naye hana amri wala fedha ya kulifukia. Baki ya kazi za baraza si ndogo, hata hivyo: zahanati na vituo vya afya, majengo ya shule, masoko, taka, upimaji wa viwanja, vibali vya kujenga. Tena sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaiagiza kila halmashauri, ya mji na ya wilaya, itenge sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe upya, ikarudishwa mwaka 2024. Wenye vikundi hapa kijijini, ulizeni kwenye halmashauri yenu, kwa sababu haki hiyo si ya watu wa mjini peke yao.

Na fedha za baraza hutoka wapi? Nyingi hutoka Serikali Kuu, hasa mishahara. Zake mwenyewe ni leseni za biashara, ushuru wa huduma unaolipwa na makampuni, ushuru wa masoko na wa mazao, na vibali mbalimbali. Mkulima apelekaye gunia zake mjini akumbuke kwamba mwaka 2017 Serikali iliagiza mzigo wa mazao usiozidi tani moja usitozwe ushuru unapovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Lakini mifereji mingine ya fedha imegeuzwa. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee huikumbuka kwa kuwakimbia mgambo, ilifutwa mwaka 2003, wala hakuna aliyeililia. Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme. Yakusanywa kwa urahisi, ndiyo, lakini mwenye nyumba aliyekuwa akilipa kwenye dawati la halmashauri alikuwa na mahali pa kuuliza, "Taka zangu hazijachukuliwa kwa nini?" Sasa hulipa kwa mashine ya umeme, na mashine haiulizwi.

Hayo yatupeleka kwenye neno ambalo kila mwenyekiti wa kijiji na kila diwani apaswa kulikumbuka. Nguvu za baraza si zake tangu asili. Amepewa na sheria, na aliyetoa aweza kutwaa. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata baada ya muda mfupi. Kazi zao zikahamishiwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya, nia ikiwa ni kuleta maendeleo karibu na watu. Katika miji mambo yakaenda vibaya. Mitaro ikakosa mwenyewe, magari ya taka yakasimama, barabara zikachakaa, na ofisa aliyeko mkoani alikuwa na vijiji vingi vya kutazama kabla hajafika kwenye jalala la mjini. Miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kilienea nchini, na hapo kila mtu aliona uchafu wa mji ni jambo la uhai na mauti. Halmashauri za miji zikaanza kurudishwa mwaka 1978. Sheria zinazozisimamia mpaka leo zikatungwa mwaka 1982. Na Katiba ikaandikwa katika ibara za 145 na 146 kwamba vyombo hivi viwepo ili kuwapa wananchi madaraka. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa kulikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia. Ni wakuu wachache wanaokiri hivyo wakiwa bado madarakani.

Hata baada ya hapo mkono wa juu umeshuka mara kwa mara. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, mji ukaendeshwa na Tume mpaka mwaka 2000. Mwaka 2021 baraza la Jiji hilo likavunjwa tena, na cheo cha Jiji kikapewa Ilala. Fikirini: hiki ndicho kiti cha umeya alichokikalia mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mtu wa mashairi, Mwafrika wa kwanza kukishika. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 Nairobi na Mombasa hazina meya tena, bali gavana anayechaguliwa na wapiga kura wote. Wao gavana wao ana ufunguo na kura pamoja. Wako wanaosifu na wako wanaolalamika.

Sasa turudi kwenye mji utembeao. Kijiji chenu ni kitu kikubwa katika sheria kuliko mnavyodhani. Halmashauri ya kijiji ni mtu kisheria: yaweza kushtaki na kushtakiwa, na kumiliki mali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani bila ninyi nyote mlioketi hapa. Mtaa wa mjini hauna nguvu hiyo. Siku mpaka wa mji utakapokizunguka kijiji nacho kikafanywa mtaa, mwenyekiti atabaki, kamati itabaki, hata mkutano utabaki, lakini neno la ardhi litahamia kwa halmashauri ya mji, kwa wapima na wachora ramani. Mtu aliyekuwa na kura yake mwenyewe juu ya ardhi sasa atakuwa na diwani mmoja wa kumsemea kati ya wengi.

Hatusemi kwamba kuwa mtu wa mjini ni hasara. Zahanati huja, viwanja hupimwa, shamba la mpakani hupanda bei. Lakini wengi huuza bei ikiwa bado chini, kwa sababu habari ya mpaka mpya ilijadiliwa katika baraza miezi mingi kabla, katika mkutano ule wa viti vitupu, na aliyeketi huko kusikiliza alikuwa dalali.

Tulipofika hapa mzee mmoja alisimama akatuuliza, "Jamaa zetu, sisi mji tunauona kwa macho kutoka kilimani. Tufanye nini kabla haujafika?" Tukamjibu kwamba, kwanza, kijiji kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, na mipaka yake ijulikane. Pili, kila mwenye shamba atafute hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, na mjane kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu haki ya mtu haifi kwa kubadilika mpaka, na sheria yataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati ardhi yake ikitwaliwa. Lakini asiye na karatasi atateseka kuthibitisha. Tatu, muhtasari wa kila mkutano uandikwe na utunzwe, usiachwe nyumbani kwa mtu mmoja. Nne, mchague vijana wawili wanaojua kusoma, mwachangie nauli, waende kila miezi mitatu kuketi nyuma katika baraza la mji ule mnaouona, waandike yanayosemwa juu ya mipaka, warudi wayasome hapa.

Mzee akauliza nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, na mtunza hazina wa kijiji akaanza kuihesabu palepale.